Aliyecheka Kwenye Picha

Lagangabilili, Itilima
14 Machi 2024

Mwanangu Lukresia,

Mwangaluka. Kama unasoma jioni basi mwadila, yote ni salamu. Sisi hapa tunaamka. Mama yako mkubwa Philomena goti linamsumbua lakini ulimi ni mzima, ananigombeza toka alfajiri. Pamba imebeba vizuri, funza wamepungua tulipopiga dawa mara ya pili. Wiki iliyopita nilimpitia mama yako kule Nyalikungu, analalamika kwamba humpigii simu. Mpigie.

Naandika barua kwa sababu kwenye simu unanikatiza, na mimi nikikasirika nasahau nilichotaka kusema. Leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Jumamosi Constantine, yule bwana mwenye kibanda umiza cha kuonyesha sinema hapa senta, alikuja mpaka uani kwangu. "Mzee Luhende, sinema ya mwanao imefika!" Nikavaa koti la kanisani. Nikapewa kiti cha mbele, wengine wakakaa kwenye mabenchi. Jina lako likatokea kwenye kioo, Lukresia Ngassa, mtunzi, watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga. Baba yako angekuwa hai angelia.

Sasa sikiliza. Nchi mbili zinapigania kilima kipara ambacho hata mbuzi hapati jani. Kuna Waziri wa Habari Njema anayefundisha watoto wa shule kwamba watu wa ng'ambo wana mikia wanayoificha kwenye suruali. Watoto wanaimba wimbo wa mikia. Huko ng'ambo nako wanaimba wimbo huohuo kuhusu hawa wa huku. Hapo nilicheka, sikatai. Sisi pia enzi zetu tuliambiwa mambo ya namna hiyo na tukameza bila maji.

Akaja Koplo Maduhu wako. Khaa! Anaongea kama mimi. Anaburuza maneno kama mimi. Wenzake wanapigwa mabomu, yeye anauliza ng'ombe wa adui ni wa rangi gani. Kibanda kizima kikageuka kunitazama. Hivi Lukresia, katika makabila yote ya nchi hii, mjinga lazima atoke Usukumani? Hao walioko Dar wanaocheka, pamba waliyovaa imelimwa na nani?

Halafu ile picha. Mwandishi anataka mateka wa kupiga picha, mateka hakuna, basi Maduhu anamvalisha mwenzake shati la adui na kumwelekezea bunduki isiyo na risasi. Mwenzake anashindwa kujizuia, anacheka. Na watu wakacheka, wengine wakaanguka kwenye mabenchi.

Hadithi hiyo nilikusimulia mimi, mwaka tulipomzika baba yako, tumekaa wawili. Sikukupa uende nayo sokoni.

Nataka uikate hiyo sehemu. Maduhu mwache kama huna aibu, lakini picha ikate. Constantine anasema wakulima wakishauza pamba atazunguka vijijini na mashine yake, na Agosti atafika Bukundi. Isifike Bukundi. Usiniulize kwa nini Bukundi.

Baba yako mkubwa,
Luhende


Tabata, Dar es Salaam
31 Machi 2024

Baba Mkubwa mpendwa,

Mwadila, nakuamkia kwa magoti mawili. Barua yako ilinifikia siku ya kumi na mbili, kondakta aliisahau kwenye begi lake. Mpe Mama Mkubwa pole ya goti, nimemtumia dawa ya kuchua kwenye hili hili basi. Mama nimempigia. Mimi ni mzima, mvua tu zimetuingilia ndani, nimeanika magodoro.

Hasira yako naipokea, lakini na mimi ninayo yangu, uniruhusu.

Miaka mitatu nimeandika hiyo filamu kwa sababu nimechoka kuona watu wazima wakidanganywa kama watoto. Kila vita duniani inaanza na mtu aliyekaa kwenye kiti kizuri akisema wale si watu. Nyani, mende, nyoka, wenye mikia. Wakishaaminika, kijana wa watu anatumwa akaue. Nisipowacheka hao nifanye nini? Nilie? Kulia wamezoea, hawaogopi. Kuchekwa ndiko wanakoogopa.

Na Maduhu si mjinga, Baba Mkubwa. Uliangalia vizuri? Katika filamu nzima ni yeye peke yake hasemi uongo. Anauliza rangi ya ng'ombe kwa sababu anataka kujua kama huko ng'ambo wanafuga kama kwao, na akishajua, anakataa kupiga risasi. Waziri anaongea Kiswahili cha kung'aa na kila neno ni uongo. Nilifanya hivyo makusudi. Na aliyecheza Maduhu ni Mzaramo, mtani wetu, ana haki ya kututania.

Sehemu ya picha siikati. Ndiyo moyo wa filamu. Kama ni suala la kukuomba ruhusa, nimekosa, nisamehe, ningekuomba. Lakini uliniambia walikuwa askari wawili wa kikosi kingine, watu usiowajua. Sasa wanakuuma nini?

Mwanao,
Lukresia


Lagangabilili
22 Aprili 2024

Lukresia,

Mwangaluka. Dawa ya kuchua imefika, Mama yako Mkubwa anasema inanuka kama karafuu na inafanya kazi. Anakushukuru, wabeja sana. Mvua huku imekatika mapema, mahindi ya bondeni yatapona, ya juu sijui.

Unaniambia nimekosea kuangalia. Mimi nina miaka sitini na saba, macho ninayo.

Basi nijibu hili. Kama Maduhu ndiye mkweli, mbona ukweli wake umevalishwa mdomo wangu ili watu wacheke kabla hajamaliza sentensi? Waziri mwongo anaongea vizuri, watu wanamsikiliza mpaka nukta. Mkweli akifungua mdomo, vicheko! Umewasuta wanaosema watu wa ng'ambo wana mikia, na wewe ukamshonea mkia mtoto wa watu wa Simiyu. Tofauti yako na huyo Waziri ni nini, mshahara?

Na utani usinifundishe. Utani una mwenyewe. Mzaramo akinitania leo, siku nikifa anakuja, analala mlangoni hapa, anaiga mwendo wangu, anazuia jeneza mpaka apewe chake, na koleo anashika. Anayenicheka ndiye anayenizika, ndiyo maana namruhusu. Huyo mchezaji wako atakuja kunizika? Na hao elfu ngapi wanaotazama kwenye simu zao huko wasikojulikana, watashika koleo? Huo si utani. Huko ni kuchekwa tu, na wanaokucheka wanaondoka zao.

Umesema walikuwa watu nisiowajua. Nilisema hivyo, ndiyo. Kata sehemu hiyo. Nimekulipia ada ya sekondari kwa fahali wawili na sijawahi kukudai lolote, leo nadai.

Luhende


Tabata
12 Mei 2024

Baba Mkubwa,

Salamu zangu zikukute ukiwa na afya. Nasikia mmeanza kuvuna. Mama amesema umewakataza vibarua kufungulia redio shambani, na kwamba hutaki kula. Tafadhali kula.

Umenisema kuhusu Maduhu na nimelala na maneno yako siku nne. Una haki. Mkia nilioshona ni mkia. Sikuliona hilo, kwa sababu nilipokuwa naandika nilikuwa naisikia sauti yako, na mimi sauti yako naipenda, nikadhani kila mtu akiisikia ataipenda. Wao waliisikia wakacheka. Hilo ni kosa langu, sina pa kulipeleka.

Lakini kuna jambo nimekuficha, na sasa nalisema maana barua zako zinazunguka nyumba bila kuingia.

Nilipokuwa nafanya utafiti nilikwenda kwenye maktaba moja hapa mjini kusoma magazeti ya mwaka 1979, wakati wa vita vyenu. Picha niliiona. Ipo. Kijana amevaa shati la adui, mikono juu, anacheka mpaka meno yote nje, na yale ya mbele yana mwanya. Chini wameandika: "Adui katili akicheka bila haya baada ya kukamatwa." Aliyeshika bunduki amekatwa kichwa na ukingo wa picha, inaonekana mikono tu. Mkono wa kushoto, kidole kidogo kinaishia kwenye fundo la kati.

Mkono huo ndio ulionishika nilipovuka barabara kwenda darasa la kwanza.

Yule anayecheka ni nani, Baba Mkubwa?

Lukresia


Tabata
30 Juni 2024

Baba Mkubwa,

Hujambo? Wiki saba. Mama Mkubwa kwenye simu anasema uko shambani kila ninapopiga, hata saa tatu usiku. Sikuandiki kukushtaki. Nimeuliza jina tu.

Lukresia


Lagangabilili
9 Julai 2024

Mwanangu,

Mwadila. Pamba imekwenda, imepimwa, imekwisha. Philomena hajambo. Mimi si mgonjwa wala si mzima.

Anaitwa Amoni. Kwao ni Bukundi.

Tuliondoka wote kwenda vitani, tulikuwa mgambo pamoja, mimi nina miaka ishirini na moja, yeye ishirini. Kutembea kote kule tulikuwa tunagawana blanketi. Siku moja alikuja mtu mwenye kamera, simjui jina na sijawahi kumwona tena. Hakutumwa na mkubwa wetu yeyote, alikuja kivyake akitafuta picha ya mateka. Akasema nyumbani watu wanahitaji kumwona adui ili wapate moyo. Mateka hatukuwa naye. Kulikuwa na shati limeachwa kwenye nyumba tupu. Akatoa pakiti mbili za sigara. Tuligawana moja moja. Ndiyo bei yake, Lukresia, andika hiyo kwenye sinema yako.

Risasi nilizitoa mwenyewe na kumwonyesha Amoni asiogope. Akakaza uso. Mpiga picha anasema kaza, kaza zaidi. Nikamwambia Amoni kwa Kisukuma, "Inua mikono, wewe mwizi wa ng'ombe wa bibi yangu!" Akapasuka. Hapo ndipo kamera ikalia. Alicheka kwa ajili yangu.

Siku tisa baadaye tulikuwa tunavuka kijito akapigwa. Nilimfunika kwa koti langu.

Gazeti lilifika Bukundi likiwa limefungiwa tumbaku dukani kwa Maige. Mwalimu akalisoma kwa sauti. Ule mwanya kila mtu aliujua. Unajua watu wetu mwaka ule, gazeti lilikuwa kama Injili, likisema huyu ni adui basi ni adui. Hakuna aliyesema huenda gazeti limekosea. Walisema Amoni amegeuka, amekwenda upande wa pili. Taarifa ya kifo ilipofika walikuwa wameshaamua, wakasema amepigwa na wenzake kwa usaliti. Baba yake, mzee Nkinda, alitengwa. Akiita watu kwenye kilimo chake hakuna anayekuja. Wakiomba moto jirani, moto umezimika. Dada yake, Veronica, posa mbili zilirudi. Hajaolewa mpaka leo.

Mimi nilirudi nikachezewa ngoma. Nilikwenda Bukundi kutoa pole. Mzee Nkinda alilitoa lile gazeti kwenye paa, akalikunjua kwenye magoti, akaniuliza, "Mlikuwa wote. Ni kweli?"

Nikamwambia, "Sijui mzee, tulitenganishwa."

Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu nimeitembea miaka arobaini na mitano, na kila mwezi inapita Bukundi nikienda mnadani.

Nakasirika, nakubali. Nilikukasirikia wewe kwa sababu uko karibu. Yule mpiga picha nimkasirikie wapi? Na hao waliotaka kumwona adui ili wapate moyo, walipata moyo gani? Nilipoona watu wakianguka kwenye mabenchi kwa Amoni kucheka, nilitaka kuvunja kile kioo kwa fimbo. Ni ukweli mtupu ule uliouonyesha, na watu kama hao hao wanaocheka ndio waliomnyima mzee Nkinda moto.

Sasa unajua. Kata.

Luhende


Tabata
17 Julai 2024

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Nimesoma nikiwa nimesimama jikoni, sikuweza kukaa.

Nikikata mimi, nani atabaki anayejua? Wewe, mimi na gazeti. Na gazeti halitanyamaza, lile litaendelea kusema adui kila mtu akilifungua.

Ukisema nikate, nitakata. Nimeshazungumza na mhariri wangu, anaweza kukata kwa nusu saa. Ila ruhusa hiyo siipokei kutoka kwako. Niletee kutoka kwa Veronica. Constantine anafika Bukundi tarehe kumi Agosti, una wiki tatu.

Nimekuvunjia heshima, najua. Baba angenichapa.

Lukresia


Lagangabilili
14 Agosti 2024

Mwanangu Lukresia,

Mwangaluka. Tuko hai. Goti la Philomena limetulia, ila safari hii nilikuwa namwonea wivu, yeye alibaki.

Barua yako ilinikera hivi kwamba niliichana, kisha nikaiokota. Mtoto kunipangia mimi pa kwenda! Nilikaa wiki mbili nikitafuta jibu la kukutwanga nalo.

Tarehe tisa, siku moja kabla ya Constantine, nilikwenda. Veronica alikuwa anapepeta mtama uani. Akaniona, akainuka, akaenda jikoni kama kawaida yake, maana sijawahi kupita pale nisile. Nikamwambia usipike. Akasema, "Nani amekwambia napika? Nachukua kigoda."

Akakaa mbele yangu na kunitazama. Nikafungua mdomo, nikaanza na habari za mvua. Akanikatiza. "Luhende, nimeiona. Binti wa jirani alinionyesha kwenye simu toka mwezi wa nne. Nilicheka sana. Halafu yule kijana alivyocheka na mikono juu, nikamrudisha nyuma, nikamtazama tena na tena. Nikauliza nani katunga. Wakaniambia mtoto wa mdogo wake Luhende. Toka siku hiyo nakusubiri. Umepita mara tatu kwenda mnadani. Mara tatu nimekuwekea chakula, umekula, umefuta mdomo, umeniaga."

Lukresia, nimepigwa mabomu. Sijawahi kutamani ardhi ipasuke namna ile.

Nikamwambia yote. Sigara, shati, ng'ombe wa bibi, kijito, koti. Nikamwambia nilivyomjibu baba yake. Hapo akasimama. Akalia kwa hasira, wala hakufunika uso. "Baba alikufa akituambia tusilitaje jina la Amoni ndani ya nyumba hii! Mama aliificha nguo yake ya kipaimara chini ya godoro kama mwizi! Kwa pakiti ya sigara! Na ulikuwa na mdomo wakati wote, Luhende, ulikuwa unakula hapa!"

Nikapiga magoti. Akaniambia niinuke, magoti yangu hayamsaidii mtu.

Nikamuuliza kuhusu kukata. Akanitazama kama mwendawazimu. "Akate? Miaka yote hii ndiyo mara ya kwanza namwona kaka yangu akicheka na hakuna anayemwita msaliti. Akate nini?" Kisha akatoa masharti yake. La kwanza, kesho yake nisimame mbele ya watu wote kabla mashine haijazimwa. La pili nitalisema mwisho.

Jumamosi uwanja wa shule ulijaa. Wakafika kwenye picha, wakacheka kama huku. Constantine akasimamisha mashine pale pale nilipomwomba, Amoni wako amegandishwa kwenye shuka walilotundika kuonyeshea, mikono juu. Nikasimama. Nikanyoosha mkono wa kushoto watu wote waone kidole. Nikasema huu ndio mkono ulioshika ile bunduki ya gazeti lenu la tumbaku, na haikuwa na risasi, na aliyevaa lile shati alikuwa askari wetu, mtoto wa Nkinda, na alikufa upande wetu, na mimi nimewadanganya wazazi wake mpaka wakafa. Nikawaambia pia, maana hasira ilinijaa, kwamba mimi nilisema uongo mmoja na wao waliulima miaka arobaini na mitano wakauvuna kila mwaka. Maige, mzee sasa, mwenye lile duka, aliinuka akaondoka. Wengine walibaki wameinamisha vichwa. Mwanamke mmoja alianza kulia, wengine wakamfuata, na kwa mara ya kwanza Bukundi ikamlilia yule kijana.

Veronica hakunipa mkono. Nilipoaga alikuwa amekaa mbele kabisa, anatazama shuka. Sidhani kama atanipikia tena, na sistahili.

Sharti la pili ni lako. Amesema Maduhu unaweza kumbadilisha au kumwacha, hiyo ni kesi yako na mimi. Picha usiiguse. Watu wakimaliza kucheka, kabla hawajainuka, uandike jina kwa herufi kubwa, likae mpaka asiyejua kusoma amuulize jirani yake. Alinitajia herufi kwa herufi, akanirudisha niandike upya nilipokosea, kwa hiyo nawe usikosee:

AMONI NKINDA SHIDA, WA BUKUNDI.

Luhende